Mistari Mgongoni mwa Paskazia

Mkuyuni, Mwanza
6 Machi 1995

Mama mkubwa,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama, na mguu wako umepungua kuvimba. Huku mvua imepiga siku tatu mfululizo, maji yameteremsha mawe hadi mlangoni kwa jirani, lakini sisi wazima. Nestory ameota jino la pili. Ananing'ata nikimnyonyesha, nikipiga kelele anacheka. Baba yake bado yuko zamu ya usiku kiwandani, kwenye minofu. Anarudi ananuka sangara, analala, na sisi tunatembea kwa kunyata ndani ya chumba kimoja. Mapanki ya vichwa na mifupa hatukosi, hilo silalamiki.

Sasa habari za dada Paskazia, uliyempandisha basi Jumatano. Utingo alimshusha mikononi kama mtoto. Akaniambia, "Mama, mchukue upesi. Amelia tangu Magu, abiria wamegombana nani ampishe kiti." Nilidhani ni maumivu yake yale yale ya sikoseli, ya viuno na miguu. Nikamkanda, nikampa maji. Ijumaa asubuhi akaanza kuhema juu juu kama mtu aliyekimbia. Mimi na mume wangu Chenge tulimbeba hadi hospitali, wakamweka wodi ya wanawake, na jioni wakamhamishia chumba cha wagonjwa mahututi. Kifua kimeziba. Anapumulia hewa ya mtungi. Damu yake imekutwa tatu. Watu kama mimi na wewe tunakuwa na kumi na mbili, yeye siku zake nzuri ana saba.

Kuna jambo daktari ameniuliza. Walipomgeuza wamekuta mistari mgongoni na juu ya viuno, imechanjwa mitatu mitatu, haijapona vizuri. Anataka kujua ni ya nini, ya lini, na ilitoka damu kiasi gani. Dada mwenyewe nikimuuliza anafumba macho.

Niandikie haraka, Mama mkubwa. Barua mpe utingo Mbaruku, usiiachie posta.

Mwanao,
Selina


Magu
12 Machi 1995

Mwanangu Mama Nestory,

Marahaba. Barua yako nimeipata Alhamisi kwa mwalimu. Nimeisoma mwenyewe, polepole, kama tulivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, halafu nikampa mwalimu anisomee tena, nione kama macho yangu hayakunidanganya.

Hapa tunashukuru. Pamba imesimama vizuri. Wanasema msimu huu watakuja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake, siyo chama cha ushirika peke yake. Tutaona. Mbuzi wa Paskazia amezaa wawili, mmoja mweupe kabisa. Mwambie. Hata kama hasikii, mwambie.

Hayo ya mistari yasikusumbue. Mtu anashinda shambani, na ua letu ni miiba mitupu. Waambie madaktari watazame kifua, ndicho kinachoumwa.

Ningekuja, lakini mguu. Na mto umejaa.

Nimefunga michembe ya viazi na karanga. Barua yako ya Januari ninayo. Sisemi kitu.

Padri amemtaja Paskazia kwenye misa ya leo, kanisa zima likaitikia.

Mimi mama yenu,
Wilhelmina


Mkuyuni, Mwanza
15 Machi 1995

Mama mkubwa,

Shikamoo. Mzigo umefika, ahsante. Nestory anafyonza kipande kimoja cha mchembe tangu asubuhi, hakiishi. Nilimwambia dada habari ya mbuzi. Akafungua jicho moja, akasema ndani ya ile barakoa ya hewa, "Mweupe asiuzwe." Hayo ndiyo maneno aliyosema siku nzima.

Miiba haichanji mitatu mitatu, Mama mkubwa. Nisamehe, mimi ni mwanao, lakini miiba haipimi. Hiyo ni mistari ya kuumikwa, ya kuvuta damu kwa pembe. Nimeiona migongoni mwa wazee tangu nina akili.

Nikueleze chumba chenyewe, labda ndicho unachokiogopa. Kina vitanda vinne. Unavua viatu mlangoni, unavaa gauni la kijani linalofungwa nyuma, unaingia peke yako, dakika kumi. Mtoto haruhusiwi. Nestory namwachia mama wa mgonjwa mwingine kwenye benchi, na maziwa yananitoka yanalowesha gauni la watu. Muuguzi haondoki. Kila saa anaandika amepumua mara ngapi, amekojoa kiasi gani. Mkojo wenyewe ni kidogo, na rangi yake kama chai iliyolala.

Muuguzi mmoja, Odeta, alifungua faili akasema, "Miaka ishirini na saba? Mimi wa sikoseli nawajua wodi ya watoto." Mwenzake akamkanya kwa macho, maana dada alikuwa anasikia. Odeta akainama kitandani akamwambia, "Basi umewashinda mbio wenzako wote, dada. Usisimame sasa." Dada akatabasamu. Nilitaka kumpiga Odeta na nilitaka kumkumbatia.

Daktari ni kijana, lakini hana haraka na mtu. Ameniita pembeni. "Mama Nestory, simtafuti mtu wa kumfunga. Tumemwongezea chupa mbili, ya mumeo na ya yule mwanakwaya wenu. Imepanda, imeshuka tena. Kama damu yake ilitoka nje, nitairudisha bila wasiwasi. Kama mwili wake unaivunja ndani kwa ndani, nikiongeza naweza kumharibu zaidi. Nikikosea hapa, hatuna naye wiki mbili. Na figo zimechoka. Kuna mizizi aliyokunywa?"

Nikamwambia nitauliza nyumbani.

Kutoka kwenu hadi hapa ni safari ya asubuhi moja. Mguu wako naujua. Sikuulizi kwa nini huji. Nakuuliza mistari.

Mwanao,
Selina


Magu
24 Machi 1995

Selina,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe 17. Sikukosa karatasi.

Ni mimi. Usije ukamlaumu Mzee Ngosha kwa sababu watu wote wanaumikwa kwake. Pembe ni ile ya bibi yako, aliniachia mimi, na hata mama yako mzazi nilimuumika mgongo wakati ana mimba yako, akapata usingizi. Mpe daktari haya asome.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 14 Februari, pembe tatu. Damu ilitoka nzito, nyeusi, nikasema hii ndiyo inayomuumiza. Akalala siku mbili bila kulia. Wewe unajua anavyokuwa akilala baada ya maumivu, uso unarudi wa mtoto. Hicho ndicho kilichonidanganya. Tarehe 20, pembe mbili. Tarehe 27, pembe mbili tena. Hiyo ya mwisho damu ilikuwa nyepesi kama maji ya nyanya. Niliona kwamba ni nyepesi, na nikaendelea kuvuta. Kila pembe ilijaza kikombe cha kahawa. Mizizi pia alikunywa, ya kuchemsha, siku nne, asubuhi na jioni. Jina lake kwa Kiswahili silijui. Nimefunga kipande humu kwenye karatasi.

Siku ya mwisho ni yeye aliyenishika mkono. "Niumike tena, Mama mkubwa. Nipasue ukitaka." Siandiki hili ili unipunguzie.

Alipokuwa na miaka sita misheni walituambia hatafika kumi na mitano. Hakuna aliyetuambia tumfanye nini akifika. Miaka kumi na miwili hii nimemlea bila maelezo ya mtu yeyote.

Unaniuliza mistari. Na mimi nakuuliza: ulitaka nimlete wapi?

Wilhelmina


Mkuyuni, Mwanza
9 Aprili 1995

Mama mkubwa,

Yupo hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeruka salamu. Shikamoo.

Mbaruku alinikabidhi barua yako Jumamosi ile, tarehe 25. Sikuvua hata kanga ya jikoni, nilipanda kilima cha hospitali na mtoto mgongoni. Daktari aliisoma amesimama, akarudia mara ya pili amekaa. Akasema, "Mama huyu ameandika vizuri kuliko faili langu." Kile kipande cha mzizi amekipeleka kwa wakubwa wake. Wanadhani ndicho kilichozichosha figo.

Akaniambia, "Pembe saba. Basi nyingi ilitoka, haikuvunjwa." Kesho yake baada ya misa walikuja wanakwaya wanne kutoa damu. Mmoja, Gladness, mwembamba kama fito, walimkataa, akalia kuliko waliochomwa sindano. Jumatatu wakamfanyia dada kitu ambacho sijawahi kukiona. Mkono wa kushoto wanatoa damu yake, mkono wa kulia wanaingiza ya watu, kidogo kidogo, toka asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Wanasema damu yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa inaziba kifua, chembe zake zimepinda, zinakwama njiani. Odeta alikaa naye muda wote, anahesabu kwa sauti, hata chai hakunywa.

Tarehe 31 walimtoa barakoa. Jumanne amerudi wodi ya kawaida. Amekonda, na anauliza kila mtu lini atarudi kwa mbuzi wake.

Sasa la Januari. Wakati wa Krismasi uliniandikia kwamba miguu yake imeanza, nimchukue akae karibu na hospitali. Nikakujibu kwamba nina mtoto mchanga, chumba ni kimoja, Chenge analala mchana, mvumilie kidogo. Yote yalikuwa kweli. Kuna kweli nyingine sikuiandika. Nilikuwa nimechoka naye kabla hajafika. Tangu utoto nimelala kitanda kimoja na kilio chake, nikaolewa, nikasema ngoja nipate mwaka mmoja tu wa kulala. Daktari aliponiuliza kwa nini hakuletwa mapema nilimwambia kijijini ni mbali. Wewe nimekulazimisha useme, na mimi nikamdanganya mtu yule yule.

Jana nimerudi kwa daktari nikamwambia. Aliandika kwenye faili.

Umeniuliza ungemleta wapi. Kwangu, Mama mkubwa. Ungemleta kwangu.

Selina


Magu
30 Aprili 1995

Mwanangu,

Marahaba, na Pasaka njema ingawa imeshapita. Tumeisherehekea kwa kuku mmoja na wageni saba. Mguu umepungua. Mbuzi mweupe anaruka ukuta sasa.

Nilipofika pale uliposema na wao wanatoa damu, nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwita jirani yangu Suzana. "Unaona? Hospitali nzima, na mitungi, mwisho wake wametoa damu kama mimi!" Suzana akasema, "Ndiyo, ila wenzako wanarudisha."

La Januari limekwisha. Na mimi nilikuwa nimechoka naye. Tofauti ni kwamba sikuwa na mtu wa kumwandikia amvumilie.

Ila hilo la kurudi hapa, hapana. Msimlete. Kwa kuwa tumeanza kuambiana, nimalize. Pembe nimeitupa chooni. Lakini pembe siyo tatizo, ng'ombe wako wengi. Tatizo ni mkono. Nikimsikia analia, mkono huu unatafuta kitu cha kufanya. Kukanda, kuchemsha, kuchanja, chochote. Miaka yote hiyo sijawahi kumsikia analia nikakaa. Leo nimejua kwamba naweza kumuua huku nampenda, na nitakuwa sijui kama ninamuua. Nitalalaje na mtu huyo nyumba moja?

Akae kwako, karibu na wanaojua. Mbuzi nitamtunzia.

Mama yenu,
Wilhelmina


Mkuyuni, Mwanza
12 Juni 1995

Mama mkubwa,

Shikamoo. Sikukuandikia mwezi wote wa tano, na sababu siyo posta. Nilitaka nikubaliane na wewe, nikashindwa.

Nestory anatembea kwa kushika ukuta. Daktari alinishauri nimpime, nikaahirisha mara tatu. Wiki iliyopita nikampeleka. Hana sikoseli. Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikalia, halafu nikaona aibu kulia kwa furaha mahali pale.

Dada aliruhusiwa tarehe 8 Mei. Tumekaa naye. Chenge amemzoea, wanabishana habari za mpira. Lakini mimi simpi nafasi. Akikohoa naamka. Akiinama naacha sufuria. Juzi nikamweleza kwamba unaogopa. Akasema, "Mama mkubwa aogope akiwa ananiona. Na wewe unanitazama kama maziwa jikoni, unangoja nifurike. Nipeni nauli."

Ana miaka ishirini na saba, Mama mkubwa. Tumezoea kumpeleka na kumrudisha kama debe la maji. Safari hii anapanda basi mwenyewe, Alhamisi tarehe 15. Ukimrudisha, utamrudisha mwenyewe mbele ya macho yake.

Daktari ameandika kila kitu, lakini nakupa kwa maneno yetu. Kidonge kidogo cha njano kila siku. Cha malaria kila Jumapili, mkikumbuke mkitoka kanisani. Maji anywe hata kama hana kiu. Asipalilie kwenye mvua. Maumivu yakianza, vile viwili vya chupa ya kahawia, nguo ya moto, maji tena. Kifua kikimbana, au akichemka mwili, au macho yakiwa ya njano kuliko kawaida, hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo. Barua ya daktari iko kwenye mkoba wake wa bluu. Usingoje mkokoteni wa mtu, simamisha gari lolote.

Na ukimaliza hayo yote bado analia, ujue umemaliza. Hapo hakuna la kuongeza. Mshike tu. Najua ninachokuomba. Mimi hicho hicho nilikikimbia.

Mwanao,
Selina


Magu, hospitali ya wilaya, wodi ya wanawake
21 Julai 1995

Mwanangu Selina,

Marahaba. Msalimie Chenge na umbusu mjukuu wangu anayetembea. Pamba tumevuna nusu. Usishtuke na anwani hii, soma mpaka mwisho.

Jumanne saa sita mchana tulikuwa shambani. Paskazia alikuwa kivulini mwa mahindi, anachambua pamba, simruhusu kubeba. Akasema, "Inakuja." Alisema hivyo tu, kama mtu aliyeona mgeni njiani. Tukaenda nyumbani. Nikampa viwili vya chupa ya kahawia, nikachemsha maji, nikaweka nguo kwenye viuno, nikamnywesha. Nikarudia nguo. Kabla jua halijafika upande wa pili wa nyumba nilikuwa nimemaliza yote uliyoandika.

Akaniambia, "Fanya kitu." Nikamwambia nimeshafanya. Akanitukana. Alinitukana kwa Kisukuma, Selina, matusi ya wachunga ng'ombe, sijui aliyapata wapi. Akaniita mama wa kambo. Akasema kama ningekuwa nampenda ningechukua wembe.

Wembe ulikuwa juu ya kabati. Niliutazama. Nakuandikia na hilo.

Nikapanda kitandani, nikamweka mgongo wake kifuani kwangu, nikamshika. Suzana alipita mlangoni akasikia kilio, akaingia. "Wee Wilhelmina, mtu analia na wewe umekaa?" Nikamwambia, "Nafanya kazi." Na ilikuwa kazi. Nimelima, nimezika, nimezalisha wanawake, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya. Nilitetemeka mpaka Paskazia akaniuliza kama nina homa.

Kama saa kumi akasema kifua kinabana. Hapo nilikimbia, na mguu wangu huu. Lori la mnunuzi wa pamba lilikuwa linapakia kwa jirani. Dereva akaanza, "Mama, hili siyo la abiria." Nikamwambia basi anikanyage aondoke. Tulipanda juu ya pamba ya watu. Paskazia akasema kati ya kilio na kilio kwamba hajawahi kulalia godoro zuri hivyo, nikajua bado yupo.

Hapa walisoma barua ya daktari, wakamtundikia maji na dawa ya sindano. Wamempima damu, ni saba kasoro kidogo. Hawajaongeza, hawajatoa. Kifua kimefunguka jana. Daktari alisema tungengoja mpaka asubuhi angekuwa anamwandikia gari la kwenda Mwanza, kwenye chumba chenu kile. Kwa hiyo usije. Jumatatu wanaturuhusu.

Kuna jambo hatujamalizana, mimi na yeye. Leo asubuhi ameniomba msamaha kwa matusi. Nikamwambia nitamsamehe akiniambia ameyajifunzia wapi. Hajasema.

Amelala sasa. Mkono wangu mmoja uko chini ya shingo yake, ndiyo maana karatasi inateleza na mwandiko umepinda. Umekufa ganzi. Nauacha hapo hapo.

Mama yenu,
Wilhelmina